Kupanga JIT kiwandani: usianze na kupunguza stoku, anza na mashine (uzi mrefu kidogo)

Mpanga Laini

Wakuu habari za kazi.

Kila tukizungumzia JIT (just-in-time, yani kitu kitengenezwe au kiletwe pale tu kinapohitajika) mjadala unaishia palepale, "punguza stoku, hela imelala stoo". Ni kweli hela imelala stoo. Ila mimi niko upande wa kupanga uzalishaji na kitu kimoja naomba tukielewe vizuri, stoku haipunguzwi kwa amri ya ofisini. Ule mzigo umekaa pale kwasababu kuna kitu unakifunika, labda mashine inakula saa nzima kubadilishwa moldi (lile umbo linalofungwa kwenye mashine kutoa kipande), labda bechi moja katika kumi inatoka mbovu, labda sapulaya anasema Jumanne analeta Ijumaa. Sasa ukiondoa mzigo bila kugusa hizo sababu laini inasimama, bosi anapaniki, wiki inayofuata stoku inarudi mara mbili ya ile ya mwanzo alafu watu wanaapa kabisa kwamba JIT haiwezekani kwao.

Hii kitu ilianza Toyota. Kiichiro Toyoda alikuwa na hilo wazo tangu kiwanda cha Koromo kilipofunguliwa 1938, kwamba kipuri kifike pale kinapohitajika, muda kinapohitajika, na kwa idadi inayohitajika. Vita ikavuruga mambo. Baada ya vita Taiichi Ohno ndiye aliyelifanyia kazi kwenye karakana ya mashine aliyokuwa anaisimamia, akachukua mfano wa supamaketi za Marekani ambapo mteja anachukua anachotaka na rafu inajazwa kile tu kilichochukuliwa. Ona jinsi alivyoanza: karakana moja, vipuri vyake mwenyewe, ndani ya geti. Masapulaya walikuja kuingizwa miaka mingi baadae. Watu wengi leo wanafanya kinyume, wanaanza kwa kumbana sapulaya alete kidogokidogo kila siku wakati ndani kwao kumejaa marundo kati ya mashine na mashine.

Kwahiyo mpango unaanza na mapigo ya laini, yani takti. Chukua muda halisi wa kazi kwa shifti gawa kwa idadi ambayo mteja anachukua. Mfano dakika 450 za kazi baada ya kutoa mapumziko, mteja anataka 600 kwa siku, sekunde 27,000 gawa 600 unapata sekunde 45. Kila sekunde 45 kitu kimoja kitoke. Kituo kinachotumia sekunde 52 hapo ndipo patakapojaa, na kituo cha sekunde 20 ndicho kitakachorundika kama ukikiachia kiende kwa kasi yake. Hapo tu, kabla hujanunua programu yoyote, umeshajua mzigo wako wa katikati unatoka wapi.

Alafu pita laini nzima uhesabu kila kilichoko sakafuni, usiulize kompyuta, hesabu kwa macho. Ukikuta vipande 3,000 na unatoa 600 kwa siku maana yake kipande kinachoingia leo kitatoka baada ya siku 5. Hiyo ni kanuni ya Little, ilithibitishwa 1961, mzigo ulioko ndani ni sawa na kasi ya kutoka mara muda wa kukaa ndani, na haijali kiwanda chako kinatengeneza nini. Sasa jumlisha dakika ambazo kipande kinafanyiwa kazi kweli, unaweza ukakuta ni dakika 12. Siku 5 kwa ajili ya dakika 12. Mimi ile hesabu ndio naipeleka kwa bosi, sio hotuba.

Sasa kiini chenyewe, kubadilisha moldi au dai (dai ndiyo moldi ya kwenye presi). Hapa naomba tutulie kidogo maana ndipo JIT inapofia.

Chukua presi moja inayotengeneza aina 4. Mahitaji ya siku ya aina zote ukiyajumlisha yanakula dakika 390 za kupiga, yani kuzalisha. Una dakika 450, kwahiyo zinabaki 60 za kubadilisha. Kama badilisho moja linachukua dakika 60 unaweza kubadilisha mara moja tu kwa siku, maana yake kila aina zamu yake inarudi baada ya siku 4, na kila ukiipiga lazima upige ya siku 4. Huo sio uzembe wa mtu yeyote, ni hesabu. Ata ukimfokea supavaiza hadi jioni bechi itabaki ya siku 4. Lakini ukishusha badilisho hadi dakika 15, zile dakika 60 zinatosha mabadilisho 4, kila aina inapigwa kila siku na bechi inakuwa ya siku moja. Stoku ya presi imeshuka hadi robo bila mtu kuandika memo ya kupunguza stoku. Hapo mashine ni ileile, watu ni walewale.

Na inashuka kweli. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, alisaidia Toyota kwenye presi ya tani 1,000 mwishoni mwa miaka ya 1960, badilisho lililokuwa linachukua saa 4 likafika dakika 3. Msingi wake ni kutenganisha kazi ambazo lazima mashine isimame na zile zinazowezekana mashine ikiwa bado inapiga. Kutafuta spana, kuleta moldi kutoka stoo, kuipasha moto, kusafisha, kumtafuta mtu wa kwaliti, hizo zote zifanyike kabla mashine haijasimama. Ukisimama na saa mkononi unaangalia badilisho moja mwanzo mwisho utaona muda mwingi unaenda kwenye kutafuta na kusubiri, kufungua bolti zenyewe ni kidogo sana.

Nikipata nafasi naendelea na kadi, zile zinazotoa ruhusa ya kuzalisha. Karibuni kwa michango.

---

mzee wa manunuzi

Mkuu umeandika vizuri ila kuna fomula ya kiasi bora cha kuagiza, ile ya Harris ya 1913, sisi tunaitumia miaka yote na inatuambia bechi kubwa ndio nafuu. Sasa JIT inasema fomula ni uongo?

Mpanga Laini

Hapana mzee wangu, fomula ni sahihi kabisa. Inasema kiasi bora ni mzizi wa mbili mara mahitaji mara gharama ya kuandaa, gawa kwa gharama ya kutunza. Shida ni jinsi tunavyoisoma. Tunachukua ile gharama ya kuandaa kama kitu alichoumba Mungu, hakiguswi, alafu tunatii bechi inayotoka. Kina Ohno na Shingo wao walikwenda kuishambulia ileile gharama ya kuandaa. Ukiishusha hadi robo, fomula yako ileile inakwambia bechi bora ni nusu. Na usisahau kwamba gharama ya kutunza huwa inaandikwa ndogo kuliko ilivyo, wengi wanaweka riba na kodi ya ghala basi, hawaweki vilivyoharibika, vilivyopitwa na mchoro mpya, na bechi nzima iliyotoka na kasoro ileile kwasababu hakuna aliyeiona hadi kipande cha mwisho.

---

StooKipa

Naongea kama mtunza stoo. Kompyuta inasema kuna 400, mimi naona 260 kwenye rafu. Na huyo mpangaji anapanga kwa 400. JIT gani itasimama hapo jamani? Na lawama zote zinakuja stoo.

Mpanga Laini

Dada/kaka uko sahihi na hili lilipaswa kuwa mbele kabisa ya uzi. Stoku ikiwa nyingi makosa ya rekodi hayaumi, ikishuka kila kosa linasimamisha laini. Achaneni na ile hesabu ya mwaka mara moja ya kufunga kiwanda, hesabuni kidogo kila siku. Vile vipuri vichache vinavyobeba thamani kubwa vipitiwe mara kwa mara, vya kati kwa nafasi, na skrubu na washa (zile pete za bolti) wekea mapipa mawili tu, la mbele likiisha ndio oda, la nyuma linatumika wakati unasubiri. Hakuna haja ya kuingiza skrubu moja moja kwenye mfumo.

Na ukikuta tofauti usirekebishe namba ukaondoka, tafuta ilipotokea. Mara nyingi ni skrapu (vipande vilivyoharibika) ambayo opareta hakuiandika kwasababu akiandika anafokewa. Hapo tatizo sio la stoo.

---

Opareta wa Presi

Sisi wa mashine mbona tunasahaulika. Walileta hiyo kadi kwetu, wakasema hakuna kadi hakuna kupiga. Nikikaa bila kupiga meneja akipita ananiuliza mbona mashine imelala. Nikipiga, mpangaji ananiuliza nani kakwambia upige. Nimsikilize nani?

Mpanga Laini

Bosi asante sana kwa hili, wewe umegusa kitu ambacho vikao vya ofisini havikigusi.

Kwenye mfumo wa kadi, yani kanbani, kadi ndiyo ruhusa. Boksi likianza kutumika mbele, kadi yake inarudi nyuma na inakwambia tengeneza boksi moja. Hamna kadi, hupigi. Ukikaa bila kadi hujafanya kosa lolote, muda ule ni wa kusafisha, kuandaa moldi inayofuata, kumsaidia wa kituo kinachozidiwa. Kinachovunja mfumo ni kipimo anachopimwa nacho meneja. Kama anapimwa kwa mashine kukaa zinazunguka, atakusukuma upige ata kama hakuna anayehitaji, na hatakuwa na ubaya wowote moyoni, ndivyo bonasi yake ilivyoandikwa. Kwahiyo kabla ya kugawa kadi badilisheni kipimo, iwe ni je tumetoa kilichotakiwa leo, aina sahihi, idadi sahihi. Uongozi ukikataa hilo mimi ningesema msianze kabisa.

Idadi ya kadi haikisiwi. Mahitaji ya siku mara muda wa kujaza, ongeza akiba kidogo, gawa kwa ukubwa wa boksi. Mfano 600 kwa siku, kujaza nusu siku, hiyo ni 300, ongeza asilimia 20 inakuwa 360, boksi la 50, unapata 7.2 kwahiyo kadi 8. Maana yake kwenye huo mzunguko hakuwezi kuwa na zaidi ya vipande 400 ata iweje, kama kila mtu anaheshimu kadi. Na ona kile kitu kinachoamua: muda wa kujaza. Umeutoa wapi? Ndani yake kuna lile badilisho la moldi, foleni, na kusubiri foklifti. Ndio maana nikaanza na mashine.

Kuhusu kwaliti pia, kwasababu kuna anayedhani ni idara nyingine. Laini ya hatua 4, kila hatua inaharibu asilimia 5 tu. Kinachofika mwisho kikiwa kizima ni kama asilimia 81. Ili utoe 600 lazima uingize 737. Kadi 8 zako haziijui hiyo skrapu, zitaisha saa nne asubuhi. Kitu kibovu kisipelekwe mbele, laini isimame pale kilipoonekana, hiyo ni sheria ya kanbani tangu mwanzo na ndiyo inayovunjwa ya kwanza.

---

Haamini Haraka

Samahani nitapinga. Hii JIT imeshaumiza watu. 2021 viwanda vya magari vilisimama kwa kukosa chipu. Toyota yenyewe 1997 iliungua kiwanda kimoja cha sapulaya ikasimama yote. Mi naona stoku ni usalama, atakayeniambia nipunguze aje alipe laini ikisimama.

Mpanga Laini

Ndugu yangu hoja yako ni nzito na sitaizunguka. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin kule Kariya kiliungua, ndicho kilichokuwa kinatengeneza karibu valvu zote za breki za Toyota za aina ile, na Toyota haikuwa na akiba ya maana. Laini zake karibu zote Japani zikasimama. Makampuni zaidi ya 60, mengine hayajawahi kutengeneza valvu, yakagawana michoro na kuanza kuzitengeneza, na ndani ya kama wiki moja magari yakaanza kutoka tena. Na Machi 1, 2022 sapulaya mmoja tu alishambuliwa kimtandao, Toyota ikasimamisha viwanda 14 vyenye laini 28 siku nzima. Kwahiyo hatari ipo, wala haijaisha.

Lakini angalia walichofanya baada ya tetemeko la Machi 2011. Hawakurudi kujaza kila kitu. Walipitia vipuri kimoja kimoja kutafuta vile ambavyo sapulaya ni mmoja au vinachukua muda mrefu kutengenezwa upya, chipu zikiwemo, na kwa vipuri hivyo wakataka akiba ya miezi kadhaa. Ndio maana uhaba ulipoanza wao walichelewa kuumia kuliko wengi, ingawa mwishoni nao waliumia. Akiba uliyoiweka kwa sababu unayoijua, ukaiandikia idadi na mwenyewe, hiyo haina ugomvi na JIT. Rundo ambalo hakuna anayejua limetoka wapi ndilo ninalolipiga vita. Na rundo halikukingi ata hivyo, siku ya shida unakuta umejaza vile visivyohitajika na kile kimoja kinachohitajika hakipo. Wewe mwenyewe nenda kaangalie stoo yako leo uone kama sivyo.

Haamini Haraka

Hapo kwenye kipuri kimoja kisichokuwepo umenigusa. Naelewa unachosema, ila bado kwa vitu vinavyotoka mbali sikubali.

---

Kiwanda Kidogo

Nami naungana na huyo hapo juu. Sisi malighafi inakuja kwa meli, siku 45, na sapulaya ana kiwango cha chini cha oda. Tutafanyaje JIT na meli?

Mpanga Laini

Kwa meli hufanyi, na usijilaumu. Weka mpaka kwenye mlango wa stoo. Nyuma ya mlango unaendesha kwa kiwango cha kuagiza tena pamoja na akiba, mbele ya mlango hadi bidhaa inatoka unaendesha kwa kadi. Hiyo sehemu ya ndani iko mikononi mwako asilimia mia.

Ila nikupe hesabu ya hiyo akiba kwasababu ina siri ambayo wengi hawaioni. Tuseme unatumia 200 kwa siku, matumizi yanapandashuka kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha kuyumba) wa 40, siku 45, na unataka usalama wa asilimia 95 ambao kizidisho chake ni 1.65. Kama meli haichelewi kamwe, akiba ni 1.65 mara 40 mara mzizi wa 45, kama 443 hivi. Sasa weka kwamba tarehe ya kufika nayo inayumba kwa mkengeuko wa siku 7. Unachukua 45 mara 40 kwa kipeo cha pili, unajumlisha 200 kwa kipeo cha pili mara 7 kwa kipeo cha pili, unatafuta mzizi, unazidisha 1.65, unapata karibu 2,350. Zaidi ya mara tano! Matumizi yako hayajabadilika, meli bado ni siku 45, kilichobadilika ni kuyumba tu.

Kwahiyo ukikaa na sapulaya usipoteze nguvu zote kumwomba alete haraka. Mwombe tarehe anayoweza kuitimiza, na akuambie mapema ikiharibika. Siku 50 za uhakika ni bora kwako kuliko 45 za kubahatisha. Na nyie pia mpeni mpango wa wiki zijazo usiobadilishwa kila asubuhi, maana sapulaya mwingi anayumba kwasababu sisi ndio tunamyumbisha.

---

mzee wa manunuzi

Hapo nakuunga mkono kabisa. Mauzo wanakaa kimya wiki tatu, wiki ya mwisho wa mwezi wanamwaga oda zote, sisi tunakimbizana na masapulaya kama vichaa.

Mpanga Laini

Mzee hilo ndilo linaua kadi. Kanbani inavumilia kupandashuka kidogo, sio mwezi wenye wiki tatu za ukimya na moja ya mafuriko. Ndio maana kabla ya kadi kuna kusawazisha ratiba. Kama kwa siku unataka A nne, B mbili na C moja, usipige AAAA kisha BB kisha C, piga A B A C A B A alafu rudia. Kituo cha nyuma kinaona mahitaji yaleyale kila saa, hakihitaji kutunza rundo la kusubiri wimbi. Na hii nayo inawezekana tu kama kubadilisha kutoka A kwenda B ni jambo la dakika, tumerudi palepale kwenye moldi. Kwa mauzo, kaa nao muwekeane dirisha la wiki mbili ambalo aina na idadi hazibadiliki, nje ya dirisha wabadilishe wanavyotaka. Ile bonasi yao ya mwisho wa mwezi nayo iangaliwe, kwasababu mara nyingi lile wimbi halitoki kwa mteja kabisa.

---

Opareta wa Presi

Swali la mwisho mkuu. Tukishaweka hizo kadi 8, tunazipunguzaje na nani anaamua? Naogopa siku moja nitakuta zimebaki 3.

Mpanga Laini

Moja moja, na mkijua wote. Mzunguko ukienda vizuri kwa muda na mnaona kuna boksi ambalo haliguswi kabisa, toa kadi moja, iweke kwa supavaiza isitupwe. Laini ikisimama, pale ukutani andika saa, kipuri gani, kimekosekana kwa sababu gani. Kama sababu ni ndogo na inatibika, tibuni, kadi ibaki nje. Kama hamna uwezo wa kuitibu kwa sasa rudisheni kadi, hakuna aibu yoyote, mmejua mpaka wenu uko wapi kwa leo. Anayeamua awe mtu wa laini pamoja na mpangaji, sio mtu wa fedha peke yake akiangalia karatasi ya mwisho wa mwezi. Kutoka 8 kwenda 3 kwa mpigo mmoja ni ile amri ya ofisini niliyoisema mwanzo, ukiiona kataa, na uwaonyeshe hesabu ya muda wa kujaza.

Ukiweza leta hapa muda wa kubadilisha moldi wa presi yako, aina ngapi unapiga na mahitaji ya kila aina kwa siku, tupige hesabu ya bechi pamoja. StooKipa na wewe leta ile tofauti ya 140 ilikuwa kwenye kipuri gani na kinapita vituo vingapi kabla hakijakufikia.